Shabaha na Mshabaha

Tundu la kwanza lilikaa pale nilipolikusudia. La pili liliingia ndani ya la kwanza, likalipanua kidogo tu. La tatu likaenda zake kulia, upana wa punje ya mahindi, likabaki peke yake kwenye karatasi nyeupe.

Ilikuwa asubuhi ya baridi huko Texas, katika miaka niliyoishi Houston. Bendera za upepo zilining'inia bila kutikisika. Bunduki ilikuwa imelala juu ya mifuko ya mchanga, mifuko juu ya benchi la zege, nami sikuigusa ila kwa ncha ya kidole kwenye kifyatulio. Nikarudisha jicho kwenye darubini. Zile nyuzi mbili nyembamba zinazokutana msalaba zilikuwa palepale, nyeusi, kali, zikikata kona ya mraba uleule. Hapakuwa na ukungu wala mtetemo. Hakuna kilichoniashiria kwamba kuna kitu kimehama. Basi nikajilaumu. Nililaumu pumzi, nikalaumu kidole, nikalaumu kahawa niliyokunywa alfajiri, na kwa miezi mitatu nikawa nafanya mazoezi ya kurekebisha kosa ambalo sikulifanya.

Tangu hapo nimekuwa nikilitafakari neno letu wenyewe. Kiswahili kinakiita kile kinacholengwa shabaha, na kufanana kinakuita mshabaha. Maneno haya ni ndugu. Yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya sura na mfano. Undugu huo sikuuelewa mpaka nilipokaa nyuma ya bunduki. Mlengaji haoni mahali risasi itakapopiga. Anaona mfano wa mahali hapo. Msalaba ulio ndani ya darubini ni mshabaha wa mtutu. Unamwambia: ninapoelekea mimi, ndipo risasi itakapokwenda. Mtutu ni chuma, uko chini, jicho haliufikii. Darubini iko juu yake, imefungwa kwa pete mbili na skrubu chache, nayo ndiyo inayoaminiwa. Siku mshabaha unapoachana na asili yake, picha haiharibiki. Inabaki nzuri vilevile, na hatari yote ya jambo hili imo humo.

Niueleze kwanza mchezo wenyewe, maana kwetu haujulikani sana. Katika ulengaji wa benchi, uliokomaa Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ushindi hautafutwi kwa kupiga katikati. Mtu ana dakika 7 za kupiga risasi tano kwenye shabaha moja iliyo yadi 100 mbele yake, yaani mita 91 na ushei. Kisha hupimwa umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Makundi matano ya namna hiyo hutafutiwa wastani. Walio wazuri hupata wastani usiofika milimita 6. Walio bora, siku ikiwa tulivu, hushuka chini ya 5. Na kwa kuwa risasi yenyewe ina kipenyo cha milimita 6 hivi, matundu matano hugeuka tundu moja lenye kingo zilizochanika, na mtu angeweza kudai amepiga tano ilhali amepiga nne. Kwa hiyo nyuma ya shabaha huwekwa karatasi nyingine inayosogea polepole. Risasi zilizopita mahali pamoja mbele huacha alama mbalimbali nyuma, zikahesabika. Naupenda sana utaratibu huo. Hawa ni watu wanaoazimana baruti na zana, wanaokula pamoja jioni, na bado hawaoni aibu kuwekeana shahidi.

Darubini ndiyo haina shahidi.

Ndani ya bomba unaloliona kwa nje kuna bomba jingine, dogo. Lenzi ya mbele huleta picha iliyopinduka, juu ikawa chini na kulia ikawa kushoto. Bomba la ndani hubeba lenzi zinazoirudisha wima, na mara nyingi hubeba msalaba pia. Nyuma limeshikwa kwenye kiungo kinachoruhusu kuyumba, mfano wa kiungo cha bega. Mbele limeachwa huru, kisha likabanwa na vitu vitatu: skrubu moja kutoka juu, skrubu nyingine kutoka ubavuni, na springi upande wa pili, ikilisukuma lizielemee skrubu zote mbili. Ukizungusha kizungushio cha juu, skrubu inashuka, bomba linashuka, springi inajikunja. Ukizungusha kinyume, skrubu inapanda, na hapa ndipo pa kuangalia kwa makini: skrubu haivuti kitu. Haikuunganishwa na bomba. Inaondoka tu, na springi ndiyo inayotarajiwa kulisukuma bomba lifuate. Kila marekebisho ya upande huo ni ahadi iliyotolewa na springi.

Sasa tazama ukubwa wa mambo. Kila mlio wa "tik" unaousikia kwenye darubini ya ulengaji wa benchi kwa kawaida ni sehemu ya nane ya dakika moja ya pembe. Digrii ina dakika 60, na dakika moja, ikifika yadi 100, ni milimita 26.6, basi tik moja huhamisha tundu milimita 3.3. Ndani ya darubini, ikiwa lenzi ya mbele inakusanya picha yake milimita 200 nyuma, tik hiyohiyo hulisogeza bomba sehemu 7 tu kati ya 1,000 za milimita. Unywele wa kichwani una unene wa karibu mara kumi ya hapo. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi, kwa kalamu na kwa kikokotoo, kwa sababu moyo haukutaka kuikubali. Sehemu ya kumi ya unywele, ndani ya bomba la alumini, ikishikiliwa na springi, yatosha kuharibu siku nzima ya kazi safi.

Na juu ya hayo kuna teke. Bunduki inapolia hurudi nyuma ghafla, na darubini iliyofungwa juu yake hurudi nayo. Lakini bomba la ndani na lenzi zake vina uzito wake, navyo hutaka kubaki vilipokuwa. Kinachoviburuta ni springi na kile kiungo cha nyuma, risasi baada ya risasi, mamia kwa maelfu. Wenye bunduki za upepo zinazofanya kazi kwa springi kubwa wanalijua hili kuliko sisi: silaha zao hazina baruti, lakini hupiga teke la nyuma kisha la mbele, na zimeua darubini ambazo zilistahimili bunduki kubwa za kuwindia.

Mafundi wetu wa magari wana neno lake. Usukani ukiwa na nafasi kabla haujayashika magurudumu, husema unacheza. Darubini nayo hucheza. Unazungusha tik mbili, risasi inayofuata inapiga palepale kana kwamba hukugusa kitu, halafu risasi ya baada yake inahama tik zote mbili kwa mkupuo. Ubavu wa bomba ulikuwa umeng'ang'ania skrubu ya pili kwa msuguano, springi haikuwa na nguvu ya kuubandua, na teke ndilo lililoutikisa mpaka ukakaa. Wazee wa mchezo walikuwa wakigonga kizungushio taratibu kwa ganda la risasi kila walipokwisha kurekebisha. Wengine walikizungusha kupita pale walipotaka, kisha wakarudi, ili hatua ya mwisho daima iwe ile inayoikunja springi, isiwe ile inayoiachia. Mtazamaji angedhani ni ushirikina. Kumbe vidole vyao vilikuwa vimeyajua maumbile ya springi kabla mtu hajawachorea.

Kwa nini basi kosa kama hili huishi muda mrefu bila kukamatwa? Kwa sababu uwanjani kuna mtuhumiwa wa kudumu, naye ni upepo. Tundu likienda kulia, husemwa upepo umebadilika. Likipanda, husemwa ni mazigazi, lile joto linalocheza juu ya ardhi na juu ya mtutu uliopata moto, likaifanya shabaha ielee. Na kweli upepo na mazigazi hupotosha risasi nyingi, kwa hiyo kila uongo wa darubini hupata mahali pa kujificha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mlengaji Virgil King na wenzake walilenga shabaha ndani ya ghala refu hapohapo Houston, mahali pasipo na upepo wala jua. Habari hiyo niliisoma nikiwa bado nahangaika na kidole changu, ikanikalia moyoni. Humo ghalani hapakuwa na wa kusingiziwa. Risasi iliyotoka nje ya kundi ilitolewa na bunduki, au na darubini, au na mtu. Hapakuwa na wa nne.

Nilikumbuka pia mwashi aliyetujengea nyumba Tanga. Kila asubuhi kabla ya kugusa mwiko alilaza pimamaji juu ya ukuta wa jana, akasoma povu, akaligeuza pimamaji kichwa kikawa mkia mahali palepale, akasoma tena. Povu likikaa mahali pamoja mara zote mbili, pimamaji ni kweli hata kama ukuta umeinama. Lisipokaa, pimamaji ndilo lenye kosa. Timazi yake hakuipima hata siku moja. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba uzi na jiwe havina pa kulegea.

Walengaji wa benchi wamefika mahali palepale kwa njia yao. Hufunga darubini mbili kwenye kishikizo kimoja kizito, zikitazama nukta moja mbali. Huandika msalaba wa kila moja uko wapi. Hupiga risasi, kisha hutazama tena. Misalaba ikiachana, kuna iliyohama. Ikiwa hazijulikani zote mbili, hapo unao mashahidi wawili wanaopingana na huna hukumu. Lakini ikiwa moja yao imegandishwa, hata ikitaka kusogea haiwezi, hukumu haina ubishi. Mzee mmoja wa uwanja wetu alinifungia darubini yangu kwenye kifaa hicho, bila kuniambia anashuku nini. Risasi mbili za kwanza, misalaba ilikaa pamoja. Ya tatu, wangu ukaondoka kulia. Ya nne, ukarudi nusu ya njia. Mzee alisogea pembeni, akaniachia kiti nitazame mwenyewe. Nilitazama kwa muda mrefu. Picha ilikuwa safi kama siku ile ya kwanza.

Nimesema iliyogandishwa, na hili ndilo ninalolistahi kuliko yote katika mchezo huu. Fundi huifungua darubini, huliweka bomba la ndani katikati, kisha hulifunga lisiende popote, mara nyingi kwa gundi kali ya epoksi. Vizungushio havina kazi tena. Marekebisho huhamishiwa nje, kwenye vishikizo vinavyoibeba darubini nzima: skrubu inaikabili skrubu, chuma kwa chuma, pasipo springi katikati. Ukitaka kusogeza, unalegeza ya huku, unakaza ya kule, kisha unazibana zote. Kazi hiyo ni ya polepole na hairuhusu pupa. Mtu amelipa fedha nyingi kwa kifaa kinachosifiwa kwa wepesi wa kurekebishwa, kisha analipa tena ili wepesi huo uondolewe. Ameelewa kwamba mlango uleule unaomruhusu yeye kusogeza msalaba ndio unaouruhusu msalaba kusogea wenyewe.

Kihistoria hii ni kurudi nyumbani. William Malcolm wa Syracuse, New York, alipoanza kutengeneza darubini za bunduki mwaka 1855, mabomba yake marefu yaliinuliwa na kushushwa kwenye vishikizo. Ndani hamkuwa na cha kuzungusha. John Unertl, mzaliwa wa Ujerumani aliyefungua karakana yake Pittsburgh mwaka 1934, aliendeleza njia hiyo kwa vishikizo vyenye mikromita, na darubini yake ya kukuza mara 8 ilitumiwa na walengaji wa kikosi cha Marine cha Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, na tena Vietnam. Ziliachwa ziteleze mbele ndani ya vishikizo kila bunduki ilipopiga teke, ili mshtuko usizivunje, na mlengaji alizivuta nyuma kwa mkono kabla ya risasi inayofuata. Polepole watengenezaji waliyahamishia marekebisho ndani ya bomba. Darubini ikawa nyepesi, ikazuia mvua na vumbi, ikamfaa mwindaji anayetembea kutwa nzima. Siwalaumu. Mwindaji halengi milimita 5. Tatizo lilianza pale chombo kilichotengenezwa kwa mahitaji yake kilipoletwa benchini na kuulizwa swali ambalo hakikuumbwa kulijibu.

Wapo, hata hivyo, wasioweza kugandisha chochote. Katika mchezo wa F-Class, ulioanzishwa na Mkanada George Farquharson, shabaha huwa mbali kuanzia yadi 300 hadi 1,000. Kutoka yadi 100 kufika 1,000, bunduki ya .308 huhitaji kuinuliwa dakika 30 na zaidi, nazo ni mamia ya tik. Mlengaji wa F-Class ukimfungia darubini kwa gundi umemnyang'anya mchezo. Kwake uthabiti una maana nyingine: kitu kiende kilipotumwa, na kikiitwa kirudi. Naye ana jaribio lake. Hupiga risasi, huzungusha tik 40 kulia, hupiga. 40 juu, hupiga. 40 kushoto, hupiga. 40 chini, na risasi hiyo ya tano lazima iingie kwenye tundu la kwanza. Karatasini huonekana mraba. Ukiwa umepinda, au ukishindwa kufunga, ameipata habari yake. Tena huweka chini ya darubini kitako kilichoinamishwa, mara nyingi kwa dakika 20, ili akilenga mbali bomba la ndani liwe karibu na katikati, maana ukingoni springi hulegea ikashindwa kushika. Mimi naliheshimu jaribio la mraba kuliko sifa zote za ung'avu wa kioo. Duka hukuonyesha kioo kwa sababu kioo huonekana dukani. Kurudi hakuonekani mpaka umechoma baruti.

Lakini kabla ya kuihukumu springi, kuna nusu saa ya kuwatendea haki wengine. Jaribu skrubu za kishikizo, kwa kuwa ni kawaida zikalegea. Tazama pete: watu huzikaza kwa hasira mpaka zikaliminya bomba, ilhali mkazo wa nyutoni-mita 2 hivi hutosha, na pete zisizonyooka hulitia bomba mvutano ambao hujilegeza siku yoyote upendayo kuharibikiwa. Kisha paralaksi: laza bunduki kwenye mifuko bila kuishika, usogeze jicho juu na chini. Msalaba ukielea juu ya shabaha, hujaiseti darubini kwa umbali huo, na kosa ni la kichwa chako kilichohamahama. Baada ya hapo ndipo uulize kilicho ndani.

Kilichoniumiza hakikuwa darubini. Springi ni chuma, huchoka. Kilichoniumiza nilikiona wiki baada ya kuweka darubini nyingine, iliyogandishwa na kupimwa. Makundi yangu yalianza kwenda kushoto. Kidogo, lakini kila mara. Tuliikagua darubini, haikuwa na neno. Tulikagua mtutu, pete, mifuko. Mwishowe yule mzee alikaa pembeni yangu, akakitazama kidole changu, asitazame shabaha. Akaona ninavuta kushoto. Ile miezi mitatu ya kujilaumu haikupita bure: nilikuwa nimejifunza, kwa bidii na kwa nidhamu, kusahihisha uongo wa chombo kwa uongo wa mkono. Kila risasi iliyokwenda kulia ilikuwa imenifundisha, nami nilikuwa mwanafunzi msikivu. Darubini mbovu ilitolewa kwa dakika kumi. Mkono ulichukua msimu mzima wa kiangazi kupona.

Kwa hiyo namwomba kila anayemfundisha kijana kulenga, Nairobi, Arusha, Texas au kwingineko: mtoto akikosa mara ya tatu na bado anasema msalaba ulikuwa katikati, usimwambie amevuta kidole mpaka umefunga darubini yake pamoja na nyingine unayoiamini. Huenda anakwambia alichokiona.

Karatasi ya asubuhi ile ninayo bado, ndani ya daftari la hesabu. Pembeni mwa tundu la tatu palikuwa na neno moja nililoandika siku ileile: kidole. Nimelikata kwa mstari, nikaandika chini yake: darubini.